Gari la Mama, Macho ya Mjomba

Sauti ilinifikia kabla ya mwanga. Ke-ke-ke-ke-ke, kisha kimya. Ke-ke-ke-ke, na kimya kirefu kuliko kile cha kwanza. Nilikuwa nimelala chali kwenye kitanda cha mbao ndani ya gari, blanketi limenifika puani, na pazia la kitenge lililonitenga na kiti cha dereva lilikuwa bado jeusi. Nyuma ya pazia nilimsikia Mama akishusha pumzi, akingoja, akizungusha ufunguo tena. Injini ilijizungusha kama mtu anayegeuka kitandani asitake kuamshwa, ikakohoa mara moja, ikalala.

Nilipovuta pazia, kioo cha mbele kilikuwa kimejaa umande. Ng'ambo yake, juu ya mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa, anga lilikuwa linaanza kupata rangi ya maziwa. Mama alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Hakuniangalia. Alikuwa akimtazama mzee aliyekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, amevaa koti lake la kanisani, begi dogo miguuni, fimbo katikati ya magoti. Huyo alikuwa kaka yake, mjomba wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

Mama alipojaribu tena na injini ikakataa tena, Mjomba alisimama.

"Limekataa," alisema.

Alijitahidi sauti yake iwe ya masikitiko, lakini nilisikia ndani yake furaha ya mtoto aliyeambiwa kwamba leo hakuna shule.

Tulikuwa Kasoli, nyumbani alikozaliwa Mama, na asubuhi ile tulipaswa kumpeleka Mjomba Mwanza akafanyiwe upasuaji wa macho. Yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Mara mbili huko nyuma alikuwa amepewa siku na mara mbili hakwenda. Mara ya kwanza alisema pamba haiwezi kuachwa shambani. Mara ya pili kulikuwa na msiba kijiji cha tatu, wa mtu ambaye hata mke wa Mjomba hakumjua. Daktari alikuwa amemwambia Mama kwa simu kwamba jicho la kushoto halina tena muda wa kungoja. Tukiikosa na siku hii, ambayo ilikuwa kesho kutwa, huenda lisisaidike.

Mjomba hakuogopa kisu. Aliwahi kupigwa pembe na dume akashonwa paja bila kulalamika. Alichoogopa ni kulala ugenini. "Nyumbani najua kila kizingiti," alimwambia Mama. "Huko nitakuwa gunia. Nitabebwa na watu nisiowajua, nitawekwa nisipopajua." Ndipo Mama akampa ahadi. Alimwambia atakuja na nyumba. Atakuja nayo hadi mlangoni, Mjomba atalala ndani yake, atakula chakula cha dada yake, na hospitalini ataingia kama mtu anayetoka kwake asubuhi kwenda sokoni. Mjomba alicheka, kisha akakubali.

Nyumba yenyewe ndiyo hili gari. Mama alifundisha shule za msingi huko Songea miaka yote ya ujana wangu, tukahamishwa kutoka nyumba moja ya mwalimu hadi nyingine, na alipostaafu alisema amechoka kuhamishwa. Sasa atahama mwenyewe. Alinunua gari la dizeli lililokuwa likisambaza mikate, lile la umbo la sanduku, akamwita seremala akamtengenezea kitanda, makabati, mahali pa jiko la gesi na tangi la maji. Mapazia alishona mwenyewe. Njia nzima kutoka Songea watu walituuliza tunauza dawa gani. Singida mtu mmoja alileta mtoto mwenye kikohozi, na Mama, badala ya kukana, alimchemshia tangawizi.

Tulikuja polepole, Njombe, Iringa, Dodoma, Singida, tukilala kwenye viwanja vya shule ambako Mama alijitambulisha kwa walinzi kama mwalimu, na walinzi wakasimama wima. Baada ya Shinyanga alikataa lami. Alitaka kupita Lalago, barabara ya vumbi aliyopitia akiwa msichana alipokwenda chuoni, na barabara ile ilitutikisa hadi bomba la moshi likaachia na tukalifunga kwa waya. Lakini tulifika. Mjomba alitupokea kwa kulipapasa gari kama anayepapasa ng'ombe wa kununua, mbavu, mgongo, tumbo. Siku iliyofuata, tulipokuwa tumekwenda kisimani, alitupa zawadi. Aliposikia tunarudi alitangaza kwamba amelilisha gari letu dumu zima la dizeli, lile analoliweka kwa ajili ya mashine yake ya kusaga. "Mgeni wangu halali na njaa," alisema. Mama alimshukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana, akapiga goti. Kisha mchana huo huo tulikwenda Lagangabilili kumsalimia binamu yao, tukarudi, na gari halikuwa na neno.

Hadi asubuhi hiyo.

"Safari ikikataa alfajiri hailazimishwi," Mjomba alisema, na tayari alikuwa anafungua vifungo vya koti. Alitukumbusha kwamba baba yao aliwahi kurudi njiani kwa sababu ya ndege tu, na jioni ile daraja likazolewa. Mkewe, aliyekuwa akipuliza moto wa chai, alisema ndege na gari bovu si kitu kimoja. Mjomba alimwambia asiingilie mambo ya barabara.

Mama hakubishana. Kaka yake ndiye aliyeuza ndama wake wa kwanza ili yeye apelekwe sekondari, na mbele yake Mama, mwenye sauti ya kunyamazisha darasa la watoto mia, alikuwa mdogo. Alishuka, akaenda nyuma ya gari nisimwone uso, akampigia simu fundi wa Bariadi.

Fundi alifika na bodaboda jua likiwa limepanda, sanduku la spana mapajani. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuzoea kelele za injini. Mke wa Mjomba alimwamkia, mwangaluka, naye akaitikia kwa Kisukuma cha kubahatisha, na kwa matamshi hayo Mjomba akamjua kuwa ni Mgogo. Uso wake ulibadilika papo hapo. Wagogo na Wasukuma ni watani, na Mjomba alikuwa na siku nyingi hajapata wa kutaniana naye.

"Msukuma, kumbe uko hai," fundi alianza. "Nilivyoitwa haraka nilijua nakuja msibani. Nimekosa nyama."

"Nitakufaje na sijasikia bado mvua imenyesha kwenu?"

"Sisi mvua ya nini? Tuna zabibu."

"Zabibu mnauza. Mnakula mlenda."

Waliendelea hivyo huku fundi akiwa ameinamia chini ya kiti cha dereva, ilipo injini, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri nikamwona Mama akitabasamu. Fundi alitangaza kwa uhakika wote kwamba tatizo ni plagi za kupasha joto, zile zinazoiamsha dizeli wakati wa baridi. Alizitoa, akazijaribu moja moja kwenye betri, na kweli moja haikuwaka. Alikuwa nazo kwenye sanduku. Akafunga nyingine, akapukuta mikono, akamwambia Mama awashe. Ilikuwa adhuhuri na joto limeshuka juu ya uwanja. Injini ilizunguka, ikasita, ikashika. Moshi mweupe ulitoka, kuku wakakimbia, na fundi akanyanyua mikono kama mhubiri.

Mjomba alifunga tena vifungo vya koti. Alifunga polepole sana.

Tulikubaliana kwenda kulala Bariadi, kwenye uwanja wa gereji ya fundi, ili asubuhi tuondoke na lami mbele yetu. Njiani nilianza kusikia njaa isiyo ya kawaida. Baadaye nikagundua si njaa, ni harufu. Palinukia maandazi. Nilimuuliza Mama kama naye anasikia. Alisema ni mikate ya zamani, mbao zimeinywa harufu na jua linaitoa. Nilimwamini, ingawa watembea kwa miguu tuliowapita waligeuza shingo na kutufuata kwa macho hadi vumbi lilipowafunika. Mjomba, aliyekuwa amekaa kitandani nyuma, hakusikia kitu. Ugoro ulikuwa umeimaliza pua yake zamani.

Asubuhi, Bariadi, baridi ile ile ya wakati wa kuuza pamba. Ke-ke-ke-ke, kimya.

Nilimsikia Mjomba akiketi kitandani, akitafuta viatu vyake kwa miguu, akilichukua begi lake. Alipita kati yetu akishika kila kitu njiani, kabati, kiti, bega langu, akashuka. Alipofika kwenye lango la gereji aliuliza kwa sauti ya upole kama kuna bodaboda ya kumrudisha Kasoli. Kijana mmoja akaitikia kutoka ng'ambo ya barabara. Mjomba akamwambia asubiri kidogo, ataaga.

Ilikuwa leo au basi. Kesho asubuhi alitakiwa awe kwenye benchi la hospitali.

Fundi alikuja akitafuna hindi, akasikiliza mara moja, akaacha kutafuna. Utani ulimtoka usoni. Alisema gari lililokataa mara mbili kwenye baridi na kukubali kwenye joto lina kitu kinachoganda. Alifungua filta ya dizeli na kuimimina kwenye sufuria kuukuu. Hakikutoka kitu cha majimaji. Kilitoka kitu kizito, cha rangi ya kahawia, kilichoshuka kwa mapande kama uji wa jana, na chini yake mashapo. Fundi alichovya kidole, akanusa, akalamba.

"Mama," alisema, "nyinyi mnasafiri au mnapika?"

Yalikuwa mafuta ya pamba. Si yale yaliyosafishwa ya dukani. Yale ya kukamuliwa hapa hapa mjini, mazito, ambayo kila nyumba ya kwetu huwa na dumu lake, ya kukaangia, ya kupaka miguu iliyopasuka, ya kulainishia ekseli ya mkokoteni. Mama alikaa juu ya tairi. Nilimwona akirudi nyuma katika mawazo hadi Kasoli, kwenye ukuta wa jiko, ambako madumu mawili ya njano hukaa bega kwa bega. Mimi nilifika hapo sekunde moja baada yake.

"Usimwambie," aliniambia kwa kunong'ona.

Nikamuuliza tutasema nini. Alisema hajui. Alisema yule amemlea, na kulisha mgeni ndicho kitu alichobaki anajivunia; amwambieje kwamba hajui alichoshika mkononi mwake mwenyewe? Akiaibika atarudi nyumbani na hatatoka tena. Nikasema asipojua pia atarudi, ataondoka na ile bodaboda sasa hivi, ataamini mpaka kufa kwake kwamba gari lilikataa. Mama alifunga macho. Alijua. Pande zote mbili kulikuwa na Kasoli, na jicho la kushoto likizimika kwenye kigoda.

Fundi alikuwa amesimama juu yetu na sufuria. Alikuwa amesikia yote.

"Nyinyi ni damu yake, hamuwezi," alisema. "Mimi ni mtani."

Na kabla Mama hajainuka alikuwa ameshafika langoni.

"Msukuma. Unakimbia chai?"

Mjomba alimwambia chai ya Mgogo haina sukari, amwache aende kwake. Fundi alimwekea sufuria chini ya pua na kumuuliza inanukia nini. Mjomba alisema hasikii kitu. Hapo fundi alifanya jambo ambalo hakuna hata mmoja katika ukoo wetu angethubutu. Aliushika mkono wa mzee, akauchovya ndani ya sufuria, akausogeza mdomoni kwake.

Mjomba alilamba. Akalamba tena, taratibu, na nikaona vidole vyake vya mkono wa pili vikikaza kwenye fimbo.

"Haya ni mafuta yangu," alisema.

"Ni yako. Umelipikia gari la dada yako maandazi. Gari halijakataa safari, mzee, limevimbiwa."

Bodaboda ilikuwa inanguruma kando. Mama alikuwa amefika katikati ya uwanja na kusimama, mikono imeshika khanga kifuani. Nilitamani fundi aseme kingine cha kuchekesha. Alingoja tu, na sufuria lake.

"Yana rangi gani?" Mjomba aliuliza.

"Mekundu. Kama chai ya rangi iliyokolea."

"Na dizeli?"

"Dizeli unaona mpaka chini ya chombo."

Mjomba aliinua kidole chake chenye mafuta, akakisogeza karibu na uso, karibu zaidi, mpaka kikagusa kope. Alikigeuza huku na huku.

"Nilimimina mchana," alisema. "Jua liko kichwani. Sikuona rangi. Nilijua dumu kwa kuhesabu hatua kutoka mlangoni, nadhani kuna aliyeyahamisha madumu." Alishusha mkono. "Sioni kitu, Mgogo. Ni moshi tu. Hata huyu mdogo wangu, tangu afike namjua kwa sauti."

Mama alitoa mlio mdogo, kama mtu aliyejichoma. Hakuna aliyekuwa amejua. Tulidhani anaona kwa shida, tulidhani anaona vivuli, kwa maana nyumbani alitembea bila kugonga kitu na alimwita kila mtu kwa jina lake. Kumbe alikuwa amejifunza nyayo zetu.

Kisha mabega ya Mjomba yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na huenda ilianza hivyo, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko, kwanza cha puani, halafu kikafunguka chote. "Maandazi," alisema. "Nimemlisha mgeni maandazi." Fundi naye akaachia, na kijana wa bodaboda aliyekuwa hajaelewa kitu akacheka kwa sababu wazee wanacheka. Mjomba alimgeukia na kumtuma aende Kasoli bila abiria, amwambie mkewe kwamba gari lilikuwa linaumwa tumbo, sasa linatapishwa, na wao wanaendelea na safari.

Mama alimshika mkono kumrudisha kivulini. Nilisikia akimwambia kaka, kwa nini hukusema, na nilisikia jibu, fupi, kwamba mtu husema wapi jambo kama hilo.

Kazi ilichukua sehemu kubwa ya siku, na naikumbuka kama sikukuu. Tangi lilishushwa, likamwagwa kwenye ndoo, likasuuzwa kwa dizeli safi mara kadhaa mpaka fundi akaridhika. Mirija ilipulizwa. Filta mpya ilitoka kwenye duka la vipuri jirani na stendi. Kwa kuwa gari lilikuwa juu ya mawe, fundi alisema na bomba la moshi lichomelewe, waya wetu wa Lalago ukatupwa, na bushi za mbele, zile raba za kupunguza mtikisiko, zilizokwisha kwenye ile barabara ya ujana wa Mama zikabadilishwa huku akimlaumu kwa kupenda kumbukumbu kuliko lami.

Mimi na Mama tulitoa kila kitu nje na kufagia. Vumbi lilitoka kwa tabaka, kinyume cha safari: kwanza jeusi la mbuga za Maswa, chini yake la kijivu la Singida na Dodoma, na mwisho kabisa, kwenye pembe za makabati, lile jekundu la Njombe. Nililifagia la Njombe polepole. Jua lilikuwa tamu mgongoni. Mama aliimba wimbo wa shule usio na maana yoyote, wa kuhesabu ndizi, na nikatambua kwamba tangu tuondoke Songea sikuwa nimemsikia akiimba.

Ilipofika wakati wa kutoa hewa kwenye mfumo wa dizeli, Mjomba aliomba ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta. Fundi alimwekea kiganja chake hapo. Alikandamiza, akaachia, akakandamiza, kichwa juu, macho yake meupe yakitazama mahali pasipo na kitu.

"Bado ni chuchu tupu," alisema. Akaendelea. "Inakuja. Inakuja. Hii sasa imejaa, mwite mwenye ng'ombe."

Fundi alikaza nati, akampa Mama ishara. Ke-ke, na injini ikashika, nzito, sawa, bila kukohoa, ikajaza uwanja wote. Tulisimama tu tukiisikiliza. Mama aliacha mguu kwenye pedali ya mafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa raha.

Wakati wa kuagana fundi alidai fahali. Alisema amegundua ugonjwa wa gari na wa abiria wake, na kwa Wasukuma hilo ni fahali na mtamba wake. Mjomba alimwambia malipo yako tayari, yamo kwenye ndoo, akayachuje akakaangie samaki. Mgogo akishiba mafuta atasahau zabibu. Fundi alimfungia mkanda wa kiti kwa mikono yake, akamwambia akirudi anaona amtazame vizuri, ajue alikuwa anatukanwa na mtu mzuri kiasi gani.

Tuliingia Mwanza giza likianza. Mlinzi wa hospitali alituruhusu tuegeshe chini ya ukuta, baada ya Mama kusema ni mwalimu. Mjomba alikula ugali na maziwa mgando kitandani kwake, akasali sala zake, akalala. Nililala kwenye kiti cha mbele nikimsikia akikoroma, na sijawahi kusikia mkoromo uliotulia namna ile. Asubuhi aliingia ndani akiwa ameshika kiwiko cha Mama, akiuliza idadi ya ngazi kabla ya kila ngazi.

Walilifanyia upasuaji jicho la kushoto kwanza. La kulia lingengoja miezi michache. Siku iliyofuata nesi alimkalisha mbele ya dirisha, akabandua kitambaa, akamsafisha, akamwambia afungue taratibu. Alifungua. Machozi yalimtoka, nesi akasema ni ya kawaida, ni mwanga. Aliangalia dirisha. Aliangalia mikono yake, mbele na nyuma. Kisha akamwangalia Mama, aliyekuwa amepiga magoti mbele yake bila kujijua, na alimwangalia kwa muda mrefu.

"Mdogo wangu," alisema, "kumbe umezeeka hivi."

"Na wewe bado hujajiona," Mama alisema.

Walicheka wakiwa wameshikana mikono, na nesi akawaomba wapunguze kwa sababu mgonjwa hatakiwi kutikisa kichwa.

Tuliporudi, kwa ruhusa ya daktari, alikaa mbele na miwani ya giza na hakunyamaza. Magu, Lamadi, ziwa likiwa kushoto kwetu kama bati jipya. Aliuliza nyumba hizi zimejengwa lini. Aliuliza kwa nini watu wanapaka mageti rangi ya zambarau. Alinigeukia, akaniita mayu, mama kwa Kisukuma, akasema nawe una pua ya bibi yako, pole. Karibu na Bariadi alianza kutaja ng'ombe wa watu kila tulipopita kundi, huyu ana baka, yule kanyimwa malisho, na nilikuwa naendesha kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa Mama alikuwa amelala kitandani nyuma, kwa mara ya kwanza mchana katika safari yote, mdomo wazi.

Tulikata kona ya kuingia Kasoli wakati ng'ombe wake wanarudi zizini. Kengele zao zilikuwa zinakuja, na vumbi juu yao lilikuwa la dhahabu. Nilimkumbusha kwamba nesi alimkataza vumbi, asimame mbali, anisubiri nizungukie upande wake nimshike mkono. Alisema ndiyo. Gari lilikuwa bado linajongea alipofungua. Alishuka, mguu mmoja, wa pili, bila kuuliza ardhi iko wapi, akasimama wima na koti lake la kanisani, akahesabu mifugo yake kwa midomo. Kisha akausukuma mlango ukafungika nyuma yake, akaenda.